Kilichoandikwa Mara Tatu

Anayeandika Kifaransa huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Anayeandika Kiswahili haachi. Mtu wa Paris hana haja ya kulifikiria jambo hilo, kwa kuwa ukurasa wake ni wa lugha moja tangu juu hadi chini. Goma hatuna raha hiyo. Barua ya parokia huanza kwa Kifaransa ikamalizikia kwa Kiswahili. Ripoti ya kituo cha afya huwa na maswali kwa lugha moja na majibu ya akina mama kwa lugha nyingine. Mwanafunzi anayemaliza masomo huandika kazi yake kwa Kifaransa cha chuo, kisha katikati ya ukurasa huingiza maneno ya mzee wa Mugunga kama mzee mwenyewe alivyoyatamka. Anayepiga chapa kurasa hizo hana budi kujua, mstari kwa mstari, yuko ndani ya lugha gani, maana nafasi hubadilika, alama za kunukuu hubadilika, hata tarehe huandikwa kwa namna nyingine. Au asijali. Wengi siku hizi hawajali, na kurasa zao nazisoma kila wiki.

Namwandikia sifa mtu anayejali. Ana chumba kimoja Keshero, nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, na kibao cha nje kinatangaza kuchapa, kuprinti na fotokopi kama vibao vingine vyote vya njia ile. Wanafunzi humwita papa, nami nitamwita hivyo hivyo. Ukiingia, utakuta laptopu ya zamani, betri ya gari chini ya meza, printa, na ukutani kalenda ya kanisa. Hakuna cha kushangaza mpaka uone anavyofanya kazi. Mwanafunzi anamletea kurasa 80 zilizochapwa ovyo, alama zimechanganyika, lugha zimechanganyika. Papa anasoma. Anabonyeza vitufe viwili, anasoma tena, anabonyeza vingine viwili. Kila anapobonyeza, ukurasa unajinyoosha: nafasi zinakwenda mahali pake katika mistari ya Kifaransa na kuondoka katika mistari ya Kiswahili, alama za kunukuu zinageuka kila moja kwa desturi ya lugha yake, na jina la msemaji katika mahojiano linajitenga na maneno yake. Wala kishale hakihami. Jicho lake linabaki palepale lilipokuwa.

Kihariri anachotumia, yaani programu yake ya kuandikia, ni Vim, na sababu zake ni za Goma kabisa. Ni chepesi; laptopu iliyochoka inakibeba bila kupiga kelele. Halafu kina hofu ya kukatika kwa umeme kama sisi wenyewe. Kila zinapopita herufi 200, au mkono ukitulia kwa sekunde 4, kinaandika akiba kwenye faili la pembeni, na mashine ikizimika ghafla utakuta maandishi yako yakikusubiri. Niliwahi kukaa pale jioni ambapo umeme ulikatika mara kwa mara mpaka watu wakaacha kulalamika. Wateja waliokuwa na laptopu zao walishika vichwa. Papa alisema tu, "Kuran imekwenda, itarudi," akawasha taa ya betri akaendelea kusoma karatasi kwa macho.

Shida ilikuwa kibodi. Zetu ni za Kifaransa, A imekaa mahali pa Q, na mabano ya mraba yamefichwa nyuma ya AltGr. Vim ilitungwa na watu wa kibodi nyingine. Amri zake kadhaa huanzia kwenye mabano hayo, na kitufe chake kiongozi, mkwaju wa nyuma, kwetu kinataka vidole viwili. Hapo ndipo papa alipoanza kujitungia njia za mkato. Alihamisha kitufe kiongozi kwenye koma, ambayo kidole kinaifikia bila kutafuta, kisha akaandika skripti ya kwanza, ya nafasi za Kifaransa. Baadaye ikaja ya alama za kunukuu. Baadaye ya tarehe, kisha ya mahojiano. Hakuna hata moja iliyo ndefu. Mtu yeyote aliyesoma informatika katika chuo cha ISIG au kwingineko mjini angeweza kuandika moja yake kwa jioni moja.

Sifa yake haiko katika skripti hizo. Iko katika faili la tano, lisilo na njia ya mkato hata moja ndani yake, ambalo zile nne zote hulitegemea. Analiita vifaa.

Kitu cha kwanza ndani ya faili hilo ni fanksheni fupi iitwayo Lugha. Unaipa mstari, inakuambia ni Kifaransa au ni Kiswahili. Namna yake ya kuamua ni kuhesabu maneno madogo: ikikutana na "kwa", "ya", "wa", "katika", inaweka kijiti upande huu; ikikutana na "les", "des", "est", "dans", inaweka upande ule; mwisho inalinganisha. Rahisi kuisema. Lakini mtu aliyekulia katika lugha zote mbili anajua mtego uko wapi, na papa aliuona kwa kazi, si kwa kufikiri. Neno "la" ni la Kifaransa, na ni la Kiswahili pia. "Ni" hali kadhalika. "Si" hali kadhalika. "Tu" hali kadhalika. Maneno haya manne yanakaa katika nyumba zote mbili, na yamejaa katika kila ukurasa, kiasi kwamba fanksheni inayoyahesabu upande mmoja itaupotosha mstari mfupi mara kwa mara. "Si la mama, ni la mtoto tu." Katika mstari huo kuna maneno saba, na matano kati yake Mfaransa angeyadai kuwa yake. Papa aliyaondoa yote manne katika hesabu. Juu ya orodha aliandika kwa Kiswahili, kwa ajili ya atakayekuja, kwamba maneno haya yaachwe nje kwa sababu ni ya wote wawili, na asiyarudishe mtu.

Nimeyasoma maelezo yale mara nyingi, nami bado nayaona kuwa maandishi mazuri. Yamebeba ujuzi ambao hakuna mwongozo wa kihariri chochote duniani ungeweza kuubeba, kwa sababu aliyeandika mwongozo hakuwahi kuishi katika mji ambao bibi husali kwa lugha moja na kulipa kodi kwa nyingine. Fanksheni ikishindwa kuamua, yaani vijiti vikilingana, hutazama mstari wa juu yake. Mstari wa juu nao ukiwa na utata, humwuliza mwenye kazi. Hakuna kubahatisha.

Mwanzoni orodha ile ya maneno madogo haikuwa mahali pamoja. Ilikuwa ndani ya skripti ya nafasi. Skripti ya kunukuu ilipohitaji kujua lugha, aliinakili. Ya tarehe ilipohitaji, akainakili tena. Kisha siku moja akaligundua tatizo la "si", akalirekebisha katika ile skripti aliyokuwa ameifungua, akaendelea na kazi. Zile nyingine mbili zilibaki na kosa lao. Hazikulia, hazikukataa kufanya kazi. Ziliharibu mstari mmoja hapa, mstari mmoja pale, polepole, mpaka mwanafunzi mmoja akarudi na kitabu kilichokwisha kufungwa jalada, mahojiano yake yamevishwa alama za Kifaransa katikati ya maneno ya Kiswahili. Papa alikirudia kitabu chote bila kudai chochote. Usiku ule, anasema, ndipo alipolifungua faili jipya na kuliita vifaa.

Naufahamu mtaa ambao sufuria kubwa za matanga hukaa katika nyumba ya mama mmoja. Msiba ukitokea, unakwenda, unazichukua, unapika, unazirudisha zimesuguliwa. Hakuna anayenunua ya kwake, na zikitoboka, fundi anaitwa mara moja na mtaa wote umetengenezewa. Faili la papa ni nyumba ya mama huyo.

Ndani yake kuna kifaa cha pili ninachokipenda, Rudisha. Skripti inayopitia ukurasa mzima na kubadilisha vitu huweza kuacha uchafu nyuma yake: kishale kimeishia mahali pa mwisho palipobadilishwa, dirisha limeteleza, neno ulilokuwa unalitafuta kabla ya hapo limesahauliwa na mahali pake limekaa lile lililotafutwa na skripti, na kilichokuwa kimenakiliwa kimefutwa. Fundi mzembe haoni ubaya wowote, kwani kazi imefanyika. Rudisha hupokea amri, hukumbuka kila kitu kilikuwa wapi, huitekeleza amri, kisha hukirudisha kila kitu mahali pake. Ndiyo sababu kishale cha papa hakihami. Skripti zake zote nne hupitia mlango huo mmoja, na hakuna hata moja inayojitafutia namna yake ya kuaga.

Kuna na Nukuu, ambayo kazi yake kubwa ni kumlinda ng'ombe. Ukiiambia mashine igeuze alama zote za kunukuu zilizonyooka ziwe za kupinda, itakutana na kile kikoma cha juu cha "ng'ombe", "ng'ambo", "kung'oa", na mashine isiyofundishwa itadhani nukuu imefunguliwa. Inakigeuza kichwa chini, kisha inaanza kutafuta mahali pa kuifunga. Nimeona vitabu vya dini vilivyochapwa kwa fedha nyingi vikiwa na kosa hilo katika kila ukurasa. Watu waliovichapa walikuwa na mashine zenye nguvu mara kumi kuliko ya Keshero.

Jambo hili la watu kuweka vifaa vyao pamoja lina historia, na nitaigusa kwa sababu sehemu yake moja imepita karibu nasi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1976, katika maabara ya akili mnemba ya chuo cha MIT huko Marekani, kila mtu alikuwa amejitungia amri zake za mkato katika kihariri kilichoitwa TECO, kila mmoja kwa mpangilio wake, mpaka ikawa vigumu kukaa kwenye mashine ya mwenzako na kuhariri. Guy Steele alianza kuzikusanya na kuzipatanisha, Richard Stallman akaiendeleza kazi, na mkusanyo ule ukawa Emacs. Kwa hiyo kimojawapo cha vihariri vikubwa vya dunia kilizaliwa kutokana na kero ileile ya Keshero: mikono mingi, nakala nyingi, hakuna anayejua ipi ni sahihi. Mwaka huohuo Bill Joy alikuwa Berkeley akitunga vi.

Baada ya vi alikuja Mholanzi, Bram Moolenaar, aliyeitengeneza upya kwa ajili ya kompyuta yake ya Amiga na kuitoa kwa watu mwaka 1991 kwa jina la Vim. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1994, alikwenda Uganda, katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini, upande wa mpaka na Tanzania, nchi ambayo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Alikaa karibu mwaka mzima akishughulika na maji na vyoo. Mtu wa Goma hasomi tarehe hiyo kwa utulivu. Julai ya mwaka huohuo watu walikuwa wakimiminika mjini kwetu kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikiwaua juu ya mawe haya haya kwa kukosa maji safi. Mwenye kihariri hiki alikuwa nchi ya jirani, akishughulika na maji.

Aliporudi kwao hakuiuza programu yake. Aliandika kwamba ni bure, na kwamba anayeipenda awasaidie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi mtu yeyote duniani aliyefungua Vim bila faili, Tokyo au Chicago, alikutana na mwaliko wa kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Vijana wetu wanaipita sentensi hiyo bila kuisoma. Papa aliisoma. Ndiyo iliyomfanya, anasema, aiamini programu yenyewe: mtu aliyejali bomba la maji la watoto asiowazaa hatakosa kujali mahali kishale kinapobaki.

Na kweli alijali. Zamani, fanksheni iliyoandikwa ndani ya skripti moja ya Vim ilibaki humo, au iliachwa wazi mahali ambapo jina lake lingegongana na la mwingine. Mei 2006 lilitoka toleo la 7, na ndani yake njia ambayo papa anaitumia mpaka leo. Unaweka faili katika folda maalumu. Jina la fanksheni hubeba jina la faili lake, vikiunganishwa kwa alama ya reli, vifaa#Lugha, vifaa#Rudisha. Na kihariri hakilifungui faili hilo mpaka mtu wa kwanza ataje jina. Kihariri kinafunguka upesi kwa sababu hakibebi kisichoitwa. Ukisoma skripti yoyote, unajua mara moja kila kifaa kimetoka nyumba gani. Toleo la 9, la Juni 2022, lilileta njia nyingine, ambayo skripti hutangaza wazi inachotoa na inachoingiza. Papa ameisoma, ameikubali, hajahamia. Kwa maoni yangu hana haja.

Juu ya kila fanksheni ameweka mistari mitatu. Inapokea nini. Inarudisha nini. Nani anaiita. Mstari wa tatu ndio sijauona kwa fundi mwingine. Juu ya Lugha imeandikwa: nafasi, nukuu, tarehe, mahojiano. Anayetaka kuigusa anajua kabla ya kuigusa ni akina nani watakaoumia. Kuudumisha mstari huo ni kazi isiyo na shukrani, maana kihariri hakiusomi wala hakitakukumbusha ukiusahau. Anaudumisha.

Wanafunzi wakimletea skripti zao, mazungumzo huwa ni yale yale.

"Mwana, hii kitu uliiandika mara ngapi?"

"Mara tatu, papa. Iko kwa kila faili."

"Basi haujaiandika."

Lakini hana haraka ya kuhamisha. Ukimwonyesha kipande kilichotokea mara moja, atakuambia kiache kilipo. Kikitokea mara ya pili, atakitazama. Cha tatu ndicho anachokubali kukipa jina na kukiweka katika vifaa, kwa sababu, anasema, mpaka hapo hujui bado kitu chenyewe ni nini. Unajua tu kilifanana na kingine siku mbili. Nimeona wenye elimu kubwa wakifanya kinyume, wakijenga ghala la fanksheni saidizi kabla ya kuwa na skripti hata moja ya kuzitumia, na ghala hilo likageuka mzigo ambao kila kazi mpya lazima iuzunguke. Subira ya papa ni sehemu ya ufundi wenyewe, na ndiyo iliyo ngumu kufundisha.

Jambo moja sikubaliani naye. Fanksheni ikishaanza kuitwa na wengine, habadilishi kamwe namna ya kuiita. Akihitaji kitu zaidi, anaandika nyingine kando yake, na ile ya zamani inabaki. Kwa njia hiyo faili limekusanya vikongwe viwili vitatu ambavyo naamini haviitwi tena na mtu. Ningevizika. Yeye anasema labda kuna kijana huko Beni au Bukavu aliyeondoka na nakala miaka iliyopita na bado anaviita. Hana njia ya kujua, kwa hiyo anaviacha hai. Nimebishana naye, na kila ninapobishana naona ninatetea usafi wa faili, naye anatetea mtu.

Januari 2025, vita vilipoingia mjini, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme, bila maji, bila intaneti. Wengi wetu tuligundua wakati ule ni vitu vingapi vya kazi yetu havikuwa vyetu, vilikuwa mahali pengine, nyuma ya waya uliokatwa. Papa alikuwa na betri ya gari, na skripti zake zote nne pamoja na faili la tano vilikuwa ndani ya laptopu na kwenye flashi moja. Mtu akitaka barua ichapwe, ilichapwa, na nafasi zake zikiwa sawa.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale ninayoyaona sasa. Kijana wa leo akihitaji njia ya mkato anaiomba kwa mashine ya akili mnemba, na mashine inamwandikia skripti nzima kwa sekunde, yenye fanksheni zake saidizi ndani yake. Kesho anaomba nyingine, nayo inakuja na zake. Hakuna inayojua kwamba ya jana ipo. Mwisho wa muhula ana skripti kumi na mbili na namna kumi na mbili za kutambua lugha ya mstari, hakuna mbili zinazokubaliana, na hakuna hata moja aliyoisoma. Ikikosea, haitengenezi, anaomba ya kumi na tatu. Mikono yetu ilikuwa ikinakili na kubandika tangu zamani, hilo si geni. Jipya ni kwamba hata ile aibu ndogo ya kunakili, iliyokuwa ikimsukuma fundi siku moja kulifungua faili jipya usiku, imeondoka. Kuandika upya hakugharimu kitu. Kukumbuka ndiko kumekuwa ghali.

Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Vim haikufa naye. Watu waliokuwa wakimsaidia, Christian Brabandt akiwa mbele, waliipokea, na Januari 2024 walitoa toleo la 9.1 kwa kumbukumbu yake. Waliweza kwa sababu kazi ya miaka zaidi ya 30 ilikuwa mahali pamoja, ina majina, na mabadiliko yake yalikuwa yakiandikwa.

Faili la Keshero linastahili hayo hayo, nami sioni bado wa kulipokea. Vijana wanazitaka njia za mkato. Wanakuja na flashi, wanachukua zile skripti nne zenye vitufe vinavyoonekana vikifanya kazi, na la tano wanaliacha, kwa kuwa ndani yake hakuna cha kubonyeza. Papa huwaambia walichukue pia. Wao husahau, au huona ni mzigo. Hivi karibuni mmoja wao alirudi siku ya pili. Alikuwa amebonyeza koma na herufi yake, na Vim ikamjibu E117, yaani fanksheni haijulikani. Kihariri kilikuwa kikimtajia jina la kifaa kinachokosekana na jina la nyumba kinakokaa, vifaa#Lugha, limeandikwa wazi. Hakulitafuta. Alikuwa amekwisha kuiomba mashine imwandikie Lugha nyingine, nayo ikamwandikia, ndefu, safi, imepangwa vizuri, akaibandika katika skripti zote nne, na alikuja kuuliza kwa nini mahojiano yake yanageuka Kifaransa.

Papa aliipitia orodha ya maneno kwa kidole juu ya kioo. "La" lilikuwamo, upande wa Kifaransa. "Ni" lilikuwamo. "Si" na "tu" vilevile. Akamweleza kijana, kwa upole uleule ambao nimemwona akiutumia kwa wengine waliomtangulia, kwa nini maneno hayo ni ya wote wawili. Kijana alisikiliza vizuri, akashukuru, akayafuta yote manne katika nakala yake, moja baada ya jingine, katika skripti moja. Akatoka. Zile nyingine tatu hakuzifungua.